Mrejesho: lile swali la sera za janga

Wadau, nimerudi. Niliuliza kundi letu la wanafunzi wa uchumi lipendekeze nini kwenye shindano la sera, Kenya ikipigwa na janga jingine: masoko yafungwe au yaachwe wazi? Wengi mlisema tuachane na ubishi huo, tutafute hela ya anayeambiwa akae nyumbani. Tukafuata.

Tulirudi mwaka 2020. Aprili kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa mahindi haukuwa ukitozwa, kwa hiyo mama mboga angepata nafuu gani hasa? Kufutwa kwa ada ya kutumiana pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa, tangu Machi, kulimgusa siku hiyo hiyo.

Pendekezo letu: anayepimwa na kutakiwa kujitenga alipwe kwa simu jioni ile ile, kwa orodha ya walipa ushuru wa soko. Asiyelipwa hatakuja kupimwa, nani ajifungie njaa?

Majaji waliupenda mpango, wakatubana kwa wachuuzi wasio na risiti. Tulitaja orodha za vyama vyao. Hawakuridhika, na nadhani wana haki. Tumeshika nafasi ya pili.