Oili ikimwagika inakimbilia chemba ya maji ya mvua, nianzie wapi?

Msimamizi_Zamu: Habari wakuu. Nasimamia karakana ya kiwanda. Sehemu tunaposhushia dramu za oili na dizeli ni zege tupu, na linateremka kuelekea chemba ya maji ya mvua. Kikimwagika chochote, vijana wanakisukuma humo kwa maji na sabuni, sakafu inang'aa, kazi imeisha. Bosi anasema huko mbele kuna chemba ya kutenganisha mafuta, tusihangaike. Roho yangu haijatulia. Naombeni ushauri.

FundiBomba: Mkuu, anza na hiyo sabuni. Chemba ile inategemea mafuta kuwa mepesi kuliko maji: yakitulia, mafuta yanaelea na maji yanatokea chini. Sabuni inayavunja kuwa matone madogo sana yanayoshindwa kuelea, maji yanageuka meupe kama maziwa na kupita na kila kitu. Halafu muulize bosi ilinyonywa lini. Ikishajaa tope na mafuta, hakuna inachotenganisha tena.

Mama_Stoo: Mimi ningehamisha dramu kabisa, mbali na chemba, ndani ya ukuta mfupi wa zege usiovuja. Kipimo kinachotumika sana ni ukuta uweze kubeba asilimia 110 ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote. Koki ya kutolea maji ya mvua ifungwe muda wote, ifunguliwe baada ya mtu kuchungulia kama juu ya maji kuna utando. Wengi huiacha wazi eti maji yasituame. Hapo ukuta umebaki pambo.

Msimamizi_Zamu: Asante mama. Ukuta utasubiri bajeti. Na wiki hii je?

FundiBomba: Tafuta mkeka mzito wa mpira laini wa kufunika wavu wa chemba. Utandikwe KABLA gari halijaanza kushusha. Fagia kwanza, maana kokoto moja ikikaa chini ya mkeka, oili imepata njia. Weka trei chini ya kila koki na kila maungio ya mpira wa kushushia. Ikimwagika, mchanga uanze upande wa mteremko, ukate njia, ndipo mrudi kufyonza. Maranda yanafaa pakiwa pakavu, ila kwenye mvua yananywa maji. Hapo tafuta zile pedi zinazofyonza mafuta na kukataa maji. Zikishatumika zisitupwe na taka za kawaida.

Kobe_Mkavu: Mnakuza mambo. Nusu lita ya dizeli itamdhuru nani?

Mama_Stoo: Nusu lita ya kila zamu, kaka. Na leo dizeli, kesho petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa ndani ya bomba ukisubiri cheche.

FundiBomba: Msimamizi, unajua hiyo chemba ya maji ya mvua inaishia wapi? Michoro huwa inadanganya. Mimina maji yenye rangi isiyo na madhara, mwenzako asimame kwenye chemba ya kutenganisha. Rangi isipofika, bosi anategemea kitu ambacho hata hakijaunganishwa.

Msimamizi_Zamu: Hilo sikuwahi kuliwaza. Nitalifanya kabla ya kumfuata tena bosi. Mkeka akae nao nani, stoo?

Mama_Stoo: Hapana, stoo usiku inafungwa. Utundike ukutani pale pale mnaposhushia.