Vikapu vya Iringa: Ujerumani vimekubalika, Italia na Ufaransa nimegonga ukuta. Nakosea wapi?

Mama Milulu (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Niko Leipzig, huu mwaka wa sita. Naleta vikapu vya milulu kutoka Iringa, wanasuka akina mama wa kijijini kwetu, nami nasambaza kwenye maduka ya mapambo ya nyumbani. Ujerumani siwezi kulalamika. Maduka manane yanaagiza, natuma ankara, ndani ya wiki mbili hela imeingia, na hatujawahi hata kupigiana simu.

Nikajidanganya kwamba Ulaya ni moja. Nikachukua barua yangu ya Kijerumani, nikaigeuza Kiingereza, nikaituma kwa maduka thelathini ya Italia, Ufaransa na Uholanzi. Ufaransa kimya. Duka moja la Bologna walinipigia kwa furaha kama ndugu waliopotezana, "bellissimi, bellissimi", wakachukua vikapu 60. Mwezi wa nne huu, sijaona senti. Mholanzi mmoja alijibu siku ileile: bei yako kubwa, na sampuli inanuka moshi. Nililia, jamani.

Na VAT ndiyo inaninyima usingizi. Ujerumani 19%, Ufaransa 20%, Italia 22%, Hungary 27%. Nijisajili kila nchi? Naombeni ushauri, kejeli mniwekee akiba.

Mzee wa Forodha
Pole dada. Kodi inakutisha bure. Ukiliuzia duka la nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, wao wana namba ya VAT na wewe unayo, ankara inatoka bila VAT. Mnunuzi anajihesabia mwenyewe kwao. Wewe hakiki namba yake kwenye VIES (tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kukagua namba za VAT) kabla mzigo haujatoka, chapisha ule ukurasa uweke kwenye faili, kisha ripoti mauzo hayo kwa watu wa kodi wa huko Ujerumani.

Hivyo viwango vinakuhusu ukimuuzia mtu wa nyumbani kwa mtandao. Hata hapo, mpaka euro 10,000 kwa mwaka, nchi zote hizo kwa jumla, unatoza ya Ujerumani. Ukivuka kuna OSS, ilianza Julai 2021: unajisajili sehemu moja, unalipia zote hapohapo.

Wadogo wanakwama kwenye vifungashio. LUCID, ile rejista ya vifungashio ya Ujerumani, umejisajili? Usinijibu kwa kubahatisha, kaangalie. Na usajili huo hauvuki mpaka: ukianza kumtumia Mfaransa kikapu nyumbani kwake, kule wana mfumo wao na alama yao ya Triman.

Forodha ndiyo moja kweli. Mzigo wa Tanzania unaingia bila ushuru kwa mpango wa EBA (msamaha wa ushuru wa Umoja wa Ulaya kwa nchi maskini zaidi), mradi msafirishaji wa huko nyumbani aandike tamko la asili ya mzigo (ukizidi euro 6,000 lazima awe amesajiliwa REX, daftari la wasafirishaji). Ukishatoka bandarini Hamburg, hakuna atakayekusimamisha njiani kwenda Milano. Uswisi na Uingereza usizihesabu humo, kule unaanza upya.

Mpwa wa Napoli
Huyo wa Bologna hajakuibia. Bado. Ankara yako iko chini ya rundo, na juu yake ziko za watu anaokutana nao mtaani kila asubuhi. Kama hamkuandikiana muda, sheria ya Ulaya inampa siku 30. Zikipita una haki ya riba, ile ya Benki Kuu ya Ulaya ukiongeza asilimia 8, pamoja na euro 40 za usumbufu. Lakini ukianza na barua ya kisheria, umempoteza. Panda treni. Ingia dukani, sifia alivyovipanga, kunywa naye kahawa, hela itajileta kwenye mazungumzo. Ila usiende Agosti, utakuta kufuli. Tarehe 15 ni Ferragosto na nchi nzima iko baharini.

Desemba kuna Artigiano in Fiera pale Milano, maonyesho ya mafundi wa mikono. Jaribu huko kabla hujatuma barua nyingine.

Kibarua Rotterdam
Mimi napinga hilo la treni. Nauli, hoteli, siku mbili bila kazi, kwa vikapu 60? Oda ya kwanza mtu alipe kabla, nusu au yote, awe Mwitalia awe malaika.

Na huyo Mholanzi uliyemlilia ndiye mteja wako wa kweli. Huku mtu asiyetaka hakujibu kabisa. Amekutajia bei na moshi, maana yake ukirekebisha viwili hivyo mnaongea. Mwandikie leo, mistari mitatu, bila pole wala samahani.

Bint Lyon
Kiingereza kwa mwenye duka Mfaransa! Dada, jibu ulishalipata. Tafuta mtu akuandikie Kifaransa safi, ianze na Bonjour Madame, bei ikae mwishoni, juu yake ueleze nani anasuka na inachukua siku ngapi. Lebo nayo Kifaransa, tena hilo ni sheria tangu 1994.

Mama Milulu
Asanteni sana. LUCID ninayo, nimekagua, moyo umetulia.

Kuhusu moshi nimempigia shangazi. Kumbe vikapu vikikamilika wanavitundika jikoni juu ya mafiga ili wadudu wasivitoboe! Miaka yote nauza, sikujua. Nikiwakataza wadudu watakula mtaji. Nani ana njia nyingine?

Kibarua Rotterdam
Friza. Makumbusho huku wanagandisha vitu vya nyuzi wiki kadhaa, mdudu na mayai yake kwisha.

Mama Milulu
Friza kijijini, kwa umeme upi kaka? Labda hapa Leipzig, ila safarini itakuwaje. Mholanzi nimemwandikia, mistari mitatu. Na Bologna naenda Ijumaa, nimeshakata tiketi, usinigombeze.