Marcus Aurelius alikuwa mtawala mwema, au alikuwa mwandishi mzuri?

Ndugu zangu, nimeileta hoja hii hapa kwa sababu nimeinyamazia muda mrefu. Kila kukicha maneno ya Kaisari Marcus Aurelius yanazunguka kwenye simu zetu: zuia hasira, timiza wajibu wako, kumbuka utakufa. Majuzi nilikuwa kwenye semina ya viongozi vijana, mwezeshaji akasema dunia haijapata mtawala bora kuliko huyu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Simchukii Marcus. Kitabu chake, hicho tunachokiita Tafakari, nimekisoma mara tatu, na nilipofiwa na baba kuna kurasa zilinisaidia kulala usiku. Lakini watu wanakitumia kitabu hicho kama cheti cha wema wake, na hapo ndipo ninapopinga. Kwangu mimi kinathibitisha jambo zito zaidi: kwamba alijua.

Kwa ambao hawamfahamu, alitawala Roma tangu mwaka 161 hadi alipofariki mwaka 180. Alifuata falsafa ya Wastoiko, wale wale tunaowasoma katika Matendo ya Mitume wakibishana na Paulo huko Athene. Madaftari yake aliyaandika kwa Kigiriki, mengine akiwa vitani upande wa Mto Danube. Sehemu moja ina maneno yanayosema iliandikwa katika nchi ya Wakwadi, kabila la Kijerumani la ng'ambo ya Danube. Hakuyaandika ili sisi tuyasome. Alikuwa akijisemesha mwenyewe, na mtu anapojisemesha hana sababu ya kudanganya.

Sasa fungueni kitabu cha 10 cha Tafakari, fungu la 10. Ni mistari michache tu. Anasema buibui hujivuna akimnasa nzi. Mtu mmoja hujivuna akimkamata sungura, mwingine samaki wadogo wavuni, mwingine nguruwe mwitu, mwingine dubu, na mwingine Wasarmatia. Kisha anauliza: ukizichunguza nia zao, hawa si wanyang'anyi?

Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza nilikifunga kitabu. Wasarmatia hawakuwa mfano wa kubuni. Walikuwa watu wapanda farasi wa ng'ambo ya Danube, na aliyekuwa akiwakamata ni yeye mwenyewe. Mwaka 175 alipokea jina la heshima la Sarmaticus, yaani mshindi wa Wasarmatia, na baadaye zikatolewa sarafu zenye rundo la silaha walizonyang'anywa. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kwamba alitaka kuwafutilia mbali kabisa kabila la Waiazige, ambao ni Wasarmatia, na kwamba alikubali amani kwa sababu jemadari wake Avidius Cassius alikuwa ameasi huko Syria. Katika mapatano yale walitoa wapanda farasi 8,000, na 5,500 kati yao wakapelekwa Uingereza, mbali mno na kwao. Basi mtu huyu usiku anaandika kwamba anayejivunia kuwakamata Wasarmatia ana moyo wa mnyang'anyi, na mchana analipokea jina linalojivunia jambo hilo hilo.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, ameshanijibu. Anasema vita ile hakuianza Marcus. Ni kweli, nakubali bila kusukumwa. Wamarkomani na Wakwadi walivuka mpaka, wakaingia hadi Italia na kuuzingira mji wa Aquileia, na kabila hizo za mpakani zilichukua mateka wengi sana. Dio anasema Waiazige peke yao walirudisha mateka 100,000. Mtawala aliyevamiwa hivyo ana haki ya kupigana. Lakini nendeni mkaitazame nguzo yake, ambayo mpaka leo imesimama Roma, ina urefu wa takriban mita 30, imechongwa kuzunguka kutoka chini hadi juu. Vibanda vinachomwa moto. Mwanamke anaburutwa. Mateka wamepangwa mstari wakisubiri kukatwa vichwa. Ilikamilika baada ya kifo chake, lakini vita iliyochongwa pale ni yake. Haki ya kujilinda haifiki huko, na ninaamini mwenyewe aliliona hilo, ndiyo maana akaandika habari za buibui.

Wengine wanaomshambulia hukimbilia kwa mwanawe Commodus, kwamba aliacha desturi ya kumchagua mrithi anayefaa akamrithisha mtoto mbovu. Hoja hii naiona dhaifu. Makaisari waliomtangulia, Nerva, Trajan, Hadrian na Antoninus, hawakuwa na wana wa kuwazaa waliokuwa hai, ndiyo maana walipanga wana wa kulea. Marcus alikuwa na mwana. Angemchagua mkwewe Pompeianus, Commodus angebaki kuwa bendera ya kila mwenye uchu wa kuasi, na njia ya kulizuia hilo ingekuwa kumuua. Halafu alikuwa kijana wa miaka 18 tu baba yake alipofariki. Aliyoyafanya baadaye, hadi kupigana uwanjani kama mpiganaji wa maonyesho (gladieta), mzigo huo abebe mwenyewe.

Na ya sifa tumpe. Maradhi yalipoletwa na majeshi kutoka mashariki kuanzia mwaka 165, ugonjwa ambao kwa maelezo ya tabibu Galen wengi hudhani ulikuwa ndui, na hazina ikakauka, aliuza kwa mnada mali za ikulu, vikombe vya dhahabu na nguo za hariri za mkewe, badala ya kuwabana wa mikoani kwa kodi mpya. Askari walipodai bakshishi baada ya ushindi alikataa, akawaambia kwamba chochote cha ziada watakachopata kitatoka katika damu ya wazazi na ndugu zao. Semeni ni mtawala gani mnayemjua aliyewahi kuwaambia hivyo watu wenye silaha. Na alipoletewa kichwa cha Avidius Cassius, yule mwasi, alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Hapa alitenda sawasawa na alivyoandika. Kwa hiyo kumbe aliweza.

Ndiyo maana la Rusticus linaniuma. Katika kitabu cha kwanza Marcus anawashukuru waliomlea, mmoja mmoja. Junius Rusticus anamshukuru kwa kumwonyesha kwamba tabia yake inahitaji kurekebishwa, na kwa kumwazima kutoka maktaba yake mafundisho ya Epictetus. Epictetus alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kaisari mzima anamshukuru mwalimu wake kwa kumpa maneno ya mtu aliyewahi kumilikiwa. Nilipofika hapo nilimpenda.

Rusticus huyo huyo Marcus alimfanya mkuu wa mji wa Roma. Na kama mwaka 165 ndiye aliyeketi kumhukumu Justin, mwalimu Mkristo aliyevaa joho la wanafalsafa, pamoja na wenzake sita. Kumbukumbu za kesi hiyo ni fupi. Anawauliza mmoja mmoja, anawataka watoe sadaka kwa miungu, wanakataa, anaamuru wachapwe viboko na kukatwa vichwa.

Hapa pia najua jibu: sheria ile aliikuta, Trajan alishaagiza Wakristo wasitafutwe ila wakishtakiwa na kung'ang'ania waadhibiwe, na Marcus hakuianzisha. Sawa. Lakini mwaka 177 gavana wa Lyon, mji ulio katika Ufaransa ya leo, alimwandikia akiuliza awafanyeje Wakristo waliokamatwa ambao ni raia wa Kirumi. Swali liliwekwa mezani kwake. Jibu lilirudi: wanaokana waachiwe, wanaong'ang'ania wauawe. Kijakazi Blandina alikufa katika mateso ya mji ule, na askofu Pothinus, mzee aliyepita miaka 90, alifia gerezani.

Msiniambie alikuwa mtu wa zama zake. Mtu wa zama zake asingeandika kwamba mshindi wa vita ni ndugu yake buibui. Yeye alizipita zama zake kwa kalamu, kisha akarudi kuzitumikia kwa muhuri, na hao wanaomwita mtawala bora kuliko wote wanataka tutazame kalamu peke yake.

Nawaachia jambo moja mnijibu. Kati ya wale sita waliosimama na Justin alikuwepo mmoja aitwaye Euelpistus. Rusticus alipomuuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni mtumwa wa Kaisari, na kwamba ni Mkristo aliyewekwa huru na Kristo. Mtumwa wa nyumba ya Marcus mwenyewe, mbele ya mwalimu wa Marcus, yule aliyemwazima kitabu cha mtumwa. Wewe unayemtetea, niambie ni fungu gani la Tafakari ungemsomea Euelpistus wakati anatolewa nje.