Mrejesho: picha za radi na treni ya mvuke huku Kansas, Marekani

Wakuu habari zenu, mi ndo yule niliyeuliza niseti vipi kamera kwa ajili ya radi za usiku na treni za zamani. Mlioniambia tripodi, ISO 100 (kamera isivute mwanga sana), f/8 (tundu la lenzi la wastani), shata (mlango wa kamera unaoingiza mwanga) iachwe wazi sekunde 20 hivi halafu nipige mfululizo bila kukimbizana na radi, asanteni sana, imekubali! Huku nyika haina mlima wala ghorofa, wingu unaliona likiwa bado mbali kinoma, linazunguka zima zima. Dhoruba nyingi zinaelekea kaskazini mashariki so najiweka kusini mashariki yake, na ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30 toka mwanga upige naingia kwenye gari fasta, sitaki ujinga.

Treni nimeipata mji wa Abilene hukuhuku Kansas, injini namba 3415 ya reli ya Santa Fe, ya mwaka 1919, siku inayotembea kwa mvuke. Shata ya sekunde 1/500 magurudumu yaliganda utadhani imepaki, nikashusha 1/30 nikawa naifuata na kamera, duh, ndo ikaonekana inakimbia. Kilichobaki kunisumbua ni mvuke mweupe, kwenye mawingu meupe unapotea kabisa, mwenye maujanja anipe.