Forester SG5 otomatiki: nikivalisha 225/70R16, gia boksi itaumia?

Tope_la_Olenguruone (Nakuru)
Wakuu, hamjambo. Gari ni Forester SG5 ya 2005, 2.0 isiyo na tabo, gia otomatiki. Stika ya mlangoni inasema 215/60R16. Mvua ikinyesha njia ya nyumbani ni tope hadi tumboni mwa gari, kwa hivyo nataka kuliinua kidogo. Muuza matairi mmoja hapa mjini ana 225/70R16 zenye meno makubwa, anasema zitaingia bila shida. Mpango ni kununua mawili mwezi huu nivalishe mbele, na mawili ya nyuma mwezi ujao. Je, gia boksi itaumia? Na spidomita itadanganya kwa kiasi gani?

GiaNaDifu (Kisumu)
Ukubwa tutaufikia. Kwanza futa huo mpango wa mawili sasa, mawili baadaye, maana hapo ndipo gia boksi za Subaru hufia.

Piga hesabu. Katika 215/60R16, ubavu ni asilimia 60 ya 215, yaani milimita 129. Mara mbili ni 258, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni 406.4, unapata kimo cha 664. Ile 225/70R16 inatoka 721. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo: 2,087 kwa 2,266. Kwa kila kilomita tairi dogo linazunguka mara 479, kubwa mara 441. Tofauti ni 38. Nakuru hadi Eldoret ni kama kilomita 155, kwa hivyo ukifika huko magurudumu ya nyuma yamezunguka karibu mara 5,900 zaidi ya yale ya mbele. Shafti yenyewe inayopeleka nguvu nyuma, kwa sababu ya difu (gia zinazopunguza mizunguko yake kabla haijafika magurudumuni), mara nne na ushei ya hiyo.

Mizunguko hiyo lazima imezwe mahali. Kwenye otomatiki hii inamezwa na klachi iliyo mkiani mwa gia boksi, sahani nyembamba zilizopangwa kama chapati, zinazogawia magurudumu ya nyuma nguvu. Zitasuguana safari nzima na kuchemsha ATF, yaani mafuta ya gia otomatiki, na ATF hiyo ndiyo inayotumiwa na gia boksi yote. Ikishaungua utaiona kwenye dipstiki: nyekundu imegeuka rangi ya strungi na inanuka moshi. Kwenye gia ya mkono kuna kiungo chenye mafuta ya silikoni badala ya klachi hiyo. Kikipata joto kupita kiasi hushikana, na hakifunguliwi kutengenezwa, hununuliwa kingine.

Subaru wanataka mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni milimita moja tu ya meno! Kwa hivyo hata ukibaki na saizi ya stika, mapya mawili na vipara viwili bado ni kosa. Jaza upepo sawasawa, chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe katikati ya kila tairi na uandike kipimo ubavuni kwa chaki.

Dalili ya klachi iliyoanza kushikana: kwenye lami kavu, kata usukani wote, weka D, achilia breki polepole bila kukanyaga mafuta. Gari likisita kana kwamba breki ya mkono imevutwa, au likirukaruka, basi mbele na nyuma zinaburuzana.

HesabuZaMlima (Eldoret)
Tuseme umenunua yote manne. Tairi limekua asilimia 8.6. Dashibodi ikisoma 80, wewe uko karibu 87, na mashine ya polisi haisomi dashibodi yako. Kilomita nazo zinapunjwa: ikihesabu 5,000 umeshakwenda 5,430. Sevisi inachelewa, halafu mwenye gari analalamika injini inakunywa petroli, kumbe kilomita ndizo hazihesabiwi zote.

Kwa gia, ikiwa difu yako ni 4.44, yaani shafti huzunguka mara 4.44 gurudumu likizunguka mara moja, ni kama umewekewa ya 4.09. Nguvu inayofika barabarani inapungua karibu asilimia 8. Kwenye tambarare ya Ahero huwezi kugundua. Mlima ndio utakaokusema. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi na Timboroa inapita 2,700. Ukipita Salgaa na mzigo, gia boksi itaanza kuhangaika kati ya 3 na 4, na kila inapohangaika kufuli ya tokyu konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) inafunguka. Ikishafunguka nguvu inapitia kwenye mafuta peke yake, na hapo joto linapanda. Kwenye tope ni hivyo hivyo: injini inanguruma, gari linatambaa, konvata inachemsha mafuta. Atakayevalisha makubwa atoe lever kwenye D aweke 3 kabla mlima haujaanza, na abadilishe ATF mapema kuliko alivyozoea. Ukimwaga kwa nati ya chini hutoka kama lita 4 tu, nyingine hubaki ndani ya konvata, kwa hivyo mara moja haitoshi.

Na huyo muuzaji anayesema "zitaingia" amezijaribu gari likiwa tupu. Nyuma, tairi hilo litafika kwenye kikalio cha springi ya shoki. Mbele litasugua plastiki ya tope ukikata usukani wote. Pima na watu watatu wameketi nyuma.

Mimi ningechukua 215/65R16. Kimo ni 686, asilimia 3.2 tu, 80 ya dashibodi ni 82 na nusu. Unapata sentimita moja ya kuinuka badala ya karibu tatu, lakini kwenye tope meno ndiyo yanayokutoa, si hizo sentimita mbili.

MurramTu (Kakamega)
Mnamtisha bure. Hilux na Prado huku zinavalishwa makubwa kila siku na zinatembea.

GiaNaDifu (Kisumu)
Hilux ikiwa kwenye lami, 4x4 haijawekwa, magurudumu ya mbele hayasukumwi, hakuna cha kuburuzana. Prado ina difu ya katikati yenye meno ya chuma, si sahani za klachi. Hata hivyo, wanaovalisha makubwa kwa uzito hubadilisha krauni na pinioni, gia za ndani, za difu zote mbili ili hesabu irudi. Na bado huvalisha manne sawa.

Tope_la_Olenguruone (Nakuru)
Sawa, manne pamoja, 215/65R16. Lakini spea iliyoko butini ni ile nyembamba. Nikipata pancha Mau Summit nifanye nini?

GiaNaDifu (Kisumu)
Swali zuri, wengi huua klachi siku ya pancha. Fungua boneti, utafute kisanduku kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD. Kwa kawaida kiko wazi. Chomeka fyuzi ya ampea 15, na taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi: nguvu yote imekwenda mbele. Spea nyembamba inafungwa nyuma tu. Pancha ikiwa ya mbele, toa gurudumu zima la nyuma ulilete mbele, spea ikae nyuma. Nenda polepole hadi kwa fundi wa pancha, kisha uchomoe fyuzi.

Fyuzi hiyo hiyo inapima klachi. Rudia jaribio la usukani ikiwa imechomekwa. Gari likilainika, klachi bado inaachia, na huenda matairi ndiyo tatizo. Likiendelea kusita, sahani zimeshikana au solenoidi yake, vali ya umeme inayoiachilia, imekufa. Usikubali kushushiwa gia boksi nzima kwa hilo, kifuniko cha mkiani kinafunguliwa gari likiwa juu ya jeki stendi, baada ya kutoa shafti.