Faksi iingie kwenye barua pepe: ofisi ndogo Tanga

Swali
Habari zenu wakuu. Niko Chumbageni, ofisi ya uwakala wa forodha, tuko watatu. Mteja wetu wa Japani bado anatuma hati kwa faksi, na mashine yetu hutumia ile karatasi ya joto. Juzi nimefungua faili la mwaka juzi: hati ya shehena imefifia, haisomeki hata namba ya kontena. Iliniuma sana. Nataka kila faksi inayoingia namba yetu ya 027 ije kwenye barua pepe kama PDF. Nianzie wapi?

Jibu
Pole ndugu yangu. Laini ya mezani usiiache. Tafuta modemu ya faksi ya USB na kompyuta kuukuu, weka Linux na HylaFAX, programu ya kupokea na kutuma faksi. Kwenye FaxDispatch, faili lake la kuelekeza faksi zinazoingia, andika anwani ya ofisi na FILETYPE=pdf. Basi.

Jibu
Nyongeza: asije mtu akakushawishi upitishe faksi kwenye simu ya intaneti hivi hivi. Sauti ikibanwa kwa G.729, njia ya kubana sauti ya simu, ukurasa unakatika katikati. Iwe T.38, njia maalumu ya kupitisha faksi kwenye intaneti, au angalau G.711, isiyobana sauti sana.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Faksi inapokelewa, ila kompyuta ikijaribu kuituma kwa barua pepe kupitia Gmail, Gmail inakataa nywila.

Jibu
Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu (app password), ya kutumiwa na kompyuta hiyo badala ya ile ya kawaida. Mlango (port) wa kutuma barua pepe uwe 587. Na hiyo kompyuta iwekee UPS, umeme ukikatika faksi ya Japani haikusubiri.

Muuliza swali
Imekubali! Kurasa nne, namba ya kontena inasomeka vizuri.