Kama shule za Uingereza zina ubaguzi, mbona Waafrika wanawapita Wakaribiani?

mdadisi_wa_jamii
Wakuu, habari zenu. Kwenye mada ya ubaguzi wa kitaasisi kuna hoja inayowakwamisha wanafunzi wengi wa sosholojia. Matokeo ya GCSE (mitihani ya kumaliza elimu ya lazima, umri wa miaka 16) yanaonyesha Waafrika weusi wako karibu na wastani wa nchi au juu yake, ilhali weusi wenye asili ya Karibiani wako nyuma. Rangi moja, shule zilezile. Tume ya Tony Sewell ya 2021, iliyoundwa na serikali kuchunguza tofauti za rangi, iliishikilia tofauti hiyo kupunguza uzito wa ubaguzi kama sababu. Anayeitetea dhana ya ubaguzi wa kitaasisi anajibu vipi bila kukwepa?

Mkufunzi wa Takwimu
Mkuu, wastani wa kundi haukuambii shule imefanya nini. Ripoti ya Macpherson ya 1999, iliyotokana na kuuawa kwa kijana mweusi Stephen Lawrence huko London, iliueleza ubaguzi wa kitaasisi kuwa ni taasisi nzima kushindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao. Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Kwa hiyo chukua uamuzi mmoja wa shule, kisha linganisha watoto walioufikia wakiwa na alama sawa.

Mtafiti Steve Strand alifanya hivyo kwa mitihani ya umri wa miaka 14. Aliondoa athari za alama za awali, kipato cha familia, bidii ya mtoto na mengineyo. Bado, kwa kila Waingereza weupe watatu waliosajiliwa karatasi za ngazi ya juu, Wakaribiani walikuwa wawili tu.

Kwa nini ngazi inauma kiasi hicho? Tazama GCSE ya hisabati. Karatasi ya Foundation (ngazi ya chini) inakomea daraja la 5, hata ukipata alama zote. Ya Higher (ngazi ya juu) inafika 9, daraja la juu kabisa. Shule nyingi zinadai 6 au 7 ili usome hisabati A-level (masomo ya kuelekea chuo kikuu), kwa hiyo aliyesajiliwa Foundation ameshafungiwa mlango kabla hajashika kalamu. Na haanzi kufungiwa siku ya usajili: wanafunzi hupangwa makundi kwa uwezo, na kundi la chini la uwezo halifundishwi kanuni ya sine wala nadharia za duara, basi ukitaka kumhamisha mwaka wa 11, mwaka wa mtihani, utaambiwa, kwa haki kabisa, kwamba hajasoma. Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Hisabati ilikuwa na ngazi tatu, na ya chini iliishia D (madaraja yalikuwa ya herufi, A ikiwa juu) wakati waajiri na vyuo walitaka C.

Kuhusu Waafrika: watafiti Burgess na Greaves walilinganisha makadirio ya walimu na mitihani ya umri wa miaka 11 inayosahihishwa nje ya shule. Weusi, Waafrika na Wakaribiani pia, walikadiriwa chini ya walichopata. Wahindi na Wachina walielekea kukadiriwa juu. Kufaulu kwa kundi, basi, si ushahidi kwamba halikuwekewa kizuizi.

bint_Barawa
Naongezea. "Mwafrika mweusi" ni kapu. Ndani yake kuna mtoto wa daktari wa Lagos na mtoto wa mkimbizi wa Kivu. Mamlaka za mitaa zinaruhusiwa kutumia misimbo midogo (Wasomali, Wanigeria, Waghana, Wakongo), lakini takwimu za kitaifa kwa kawaida zinawajumlisha, na wastani mzuri unawaficha walio chini.

Wazazi wetu nao waiangalie fomu ya shule kwenye lugha ya nyumbani. Wengine huandika Kiingereza wakidhani Kiswahili kitamshushia mtoto hadhi. Fomula ya fedha za shule England ina fungu la watoto wenye lugha nyingine kwa miaka mitatu ya mwanzo. Ukiandika Kiingereza, mtoto wako hahesabiwi.

mdadisi_wa_jamii
Shukrani, dada. Na wale wanaosema ni utamaduni wa familia tu?

Nahodha
Waulize kuhusu Tower Hamlets, wilaya ya mashariki mwa London. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa mkiani kabisa England kwa matokeo ya shule, na Wabangladeshi, ambao ni wengi pale, walikuwa nyuma ya weupe. Leo kitaifa wamewapita. Utamaduni gani unageuka ndani ya kizazi kimoja? Familia zina mchango, sikatai, ila pale palikuwa na fedha, walimu na usimamizi mkali wa shule.

Mzazi mwenye mtoto huko asisubiri nadharia. Mwaka wa 9 (umri wa miaka 13 hadi 14) uliza kwa barua pepe: yuko kundi gani, kundi hilo linaandaliwa karatasi ipi, na alama zipi zilitumika kumpanga. Wakisema "maoni ya mwalimu", omba matokeo ya mitihani ya ndani. Shule ya serikali iliyo chini ya mamlaka ya mtaa inatakiwa kukupa rekodi ya elimu ya mtoto ndani ya siku 15 za shule ukiomba kwa maandishi.

Akifukuzwa shule kabisa, bodi ya shule lazima ikae ndani ya siku 15 za shule. Ikikubaliana na mwalimu mkuu, una siku 15 nyingine za shule za kuomba jopo huru. Omba pia mtaalamu wa mahitaji maalumu awepo. Ni haki yako hata kama shule inasema mtoto hana tatizo lolote. Jopo haliwezi kumrudisha mtoto, ila linaweza kuishauri bodi iufikirie upya uamuzi, au kuutengua na kuiagiza iufikirie upya. Dai la ubaguzi wa rangi chini ya Sheria ya Usawa ya 2010 linakwenda mahakama ya kaunti, na muda wake ni miezi sita tangu tukio, si tangu jopo limalize.